Mtamba au Prosesa

Nilitoa ahadi ya kuuza mtamba wa mke wangu nikiwa nimesimama mbele ya wanaume zaidi ya kumi kwenye kituo cha kupimia majani ya chai, na ahadi yenyewe ilikuwa ya kununua kitu ambacho kingetosha ndani ya kiberiti. Kitu hicho kinaitwa prosesa. Nitaeleza ni nini, kwa maana hata mimi ilibidi nielezwe.

Kwanza mjue anayesema ni nani. Mimi nilifika darasa la tatu. Baba aliona ng'ombe hawana mtu wa kuwachunga, akanitoa shule, na sikulia. Nilichuna chai ya wenyewe nikiwa na kikapu kipana kuliko mgongo wangu. Nikaingia kiwandani kulisha boila kuni. Kutoka boila nikawa msaidizi wa fundi wa mitambo, kazi ya kushika spana na kunyamaza. Nilipotoka huko nilinunua ekari ya kwanza, halafu ya pili. Kufikia miaka ya tisini nilikuwa na chai yangu, ng'ombe wa kisasa wa grade, kinu cha posho, na duka la vyumba viwili kwenye soko letu, mwendo mfupi kutoka Kapkatet. Hakuna mtu aliyenishika mkono. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli, si kwa sababu napenda kujisifu, ingawa pia napenda.

Chumba kimoja cha duka nilimpa binti yangu mkubwa. Alikuwa amemaliza kidato cha nne na kusomea uhazili kwa mwaka mmoja mjini Kericho. Alianza na taipureta. Barua za wazee, kadi za harusi, maombi ya kazi, yote alipiga yeye. Kisha meneja mmoja mzungu wa mashamba makubwa akawa anarudi kwao, akapanga vitu vyake kwenye nyasi mbele ya nyumba, watu waje wanunue. Wengine walizunguka friji na mashine ya kukata nyasi kama nzi. Mimi nilikuwa natafuta pampu ya maji. Binti yangu alikuwa kando yangu akiongea, akiongea, halafu akanyamaza. Nilipogeuka nikaona anatazama kompyuta ya kukunja, ile wanaita laptop, iko kwenye kiti pamoja na printa yake. Hakuniomba. Alinyamaza tu. Nikamwambia mzungu, pampu wacha, nipatie hiyo.

Siku ya pili kituoni, tukingoja karani apime majani, wenzangu walinifanya kiti cha kukalia, kila mmoja na utani wake.

"Boiyot," mmoja akasema, na kwetu hiyo ni kumwita mtu mzee, kwa heshima au kwa dharau, inategemea mdomo. "Nimesikia umempa msichana duka, na sasa umempa na TV ya kukunja. Akiolewa si ataondoka na vyote?"

"Akiondoka navyo, atakuwa ameondoka na vyake," nikasema. "Wewe wako wa kiume ataondoka na nini? Kofia?"

Walicheka, na yeye akacheka, lakini neno lilibaki. Nilijua wanangoja mashine ile iharibike.

Mwaka huo walimu wakuu wa shule za huku walikubaliana kutunga mtihani mmoja wa mock, ule wa majaribio, wa darasa la nane, masomo yote, shule kumi na nne. Zamani kila mmoja alikuwa anapeleka karatasi zake mjini kupigwa taipu. Binti yangu alikwenda mwenyewe kwenye mkutano wao, akavaa ile sketi yake ya kijivu, akawaambia atawapigia yote kwa wiki mbili, safi, na michoro ya sayansi ndani. Wakampa. Mwalimu mmoja alimwambia waziwazi, "Tukichelewa kwa sababu yako, msichana, huku usirudi." Akaitikia. Hakuna msichana wa huku aliyekuwa amepewa kazi kama hiyo, na mvulana pia hakuna.

Sasa ndipo laptop ikaanza kuchoka.

Alianza kuniambia kidogo kidogo. Anabonyeza herufi, herufi haitokei. Anangoja. Zinakuja tano kwa pamoja kama abiria walioambiwa gari linaondoka. Akitaka kuchora jedwali, mashine inaganda mpaka anaweza kutoka nje, anunue ndizi, aile, arudi, bado jedwali halijaisha. Wiki ya kwanza iliisha na masomo mawili tu. Yalibaki matano.

Jumatatu tukamwita fundi. Alikuwa kijana wa kutoka upande wa ziwa, mwenye karakana mjini, mrefu, ana mkoba wa ngozi na maneno matamu. Alifika mchana baada ya chakula. Akaketi, akabonyeza, akangoja, akatikisa kichwa kama daktari aliyeshika mkono wa mgonjwa maskini.

"Mzee, shida ni prosesa," akasema. "Imezeeka. Programu hizi za siku hizi ni nzito, na prosesa yenyewe ni ya nyuma."

"Prosesa ni nini?"

"Ni ubongo wa mashine."

"Ongea kitu naweza kushika."

Akafikiri. "Wewe si uko na kinu cha posho? Basi prosesa ni injini. Hii yako ni injini ndogo imefungwa kwa kinu kikubwa. Nikikutolea hii, nikuwekee kubwa, itakimbia mara mbili. Na una bahati. Laptop nyingi prosesa imechomelewa, haitoki. Hii inatoka."

Hapo alinipata. Alinipata kwa sababu alisema kitu ninachokijua. Injini za kinu nimebadilisha mbili kwa mikono yangu. Mtu akiniambia injini ni ndogo, mimi tayari natafuta kubwa. Tuliendelea kuongea tukitembea mpaka kituoni, kwa maana majani yangu yalikuwa kwenye laini na nilitaka kuona mizani kwa macho yangu. Akanitajia bei mbele ya watu. Yule wa kofia, niliyemjibu siku ile, akapiga mluzi.

"Hiyo si bei ya ng'ombe?"

"Ng'ombe ninaye," nikasema. Nikamgeukia fundi. "Ijumaa lete hicho kitu."

Ndivyo nilivyosema. Sikumuuliza mtu. Mimi sikuzoea kuuliza.

Ng'ombe niliyekuwa naye wa kuuza bila kuumia sana alikuwa mmoja: mtamba mwekundu mwenye mimba ya miezi saba. Wengine walikuwa wanakamuliwa, na maziwa yao ndiyo karo. Lakini mtamba yule mke wangu ndiye alimlea. Mama yake alikufa akizaa, na ndama akakuzwa jikoni kwa chupa, analala karibu na mafiga. Kwetu pia kuna jambo ambalo mgeni hawezi kulijua asipoambiwa. Maziwa ya asubuhi ni ya mwanaume, yanapanda gari la maziwa. Maziwa ya jioni ni ya mama. Anayagawa, anayagandisha, anauzia jirani, na hakuna mwanaume mwenye akili anayeuliza yamekwenda wapi. Ng'ombe tuliokuwa tukiwakamua walikuwa wamezeeka. Mtamba yule ndiye angekuwa maziwa yake ya miaka kumi.

Nilimwambia tukila. Hakuacha kula.

"Ng'ombe ni wako," akasema. "Uza."

Basi. Angepiga kelele ningejua la kufanya, kwa maana kelele ninaijua. Alichukua sahani yangu, akaenda kuosha, akaanza kuongea na mtamba huko nje kama anavyoongea naye kila siku, kuhusu kupe.

Jumanne asubuhi sikwenda shambani. Nilikwenda dukani na binti yangu, nikavuta kiti, nikaketi nyuma yake. Nilitaka kuiona injini hiyo ndogo ikishindwa. Kabla sijauza mali ya mtu napenda kuona sababu.

Akaiwasha saa mbili. Akaanza kupiga mtihani wa Kiswahili, ile sehemu ya ufahamu. Herufi zilikuwa zinatoka sawasawa. Vidole vyake vilikuwa vinakimbia kama wachunaji wa kulipwa kwa kilo, na mashine ilikuwa inamfuata, haibaki nyuma.

"Si inakwenda?" nikauliza.

"Asubuhi inakwenda, Baba. Ngoja saa tatu na nusu."

"Kila siku?"

"Kila siku. Asubuhi inakimbia. Kufikia saa nne imechoka. Mchana ndiyo hiyo uliiona na fundi. Nikiizima nikaiacha saa moja, inarudi kidogo."

Nikakaa. Saa tatu na nusu ikafika, herufi zikaanza kuchelewa. Saa nne na robo ikaganda. Binti yangu akaweka mikono mapajani, akatazama ukuta. Aliona nimenyamaza akafikiri nimekasirika. Sikuwa nimekasirika. Nilikuwa nasumbuliwa na kitu.

Injini ndogo ni ndogo saa mbili asubuhi, na ni ndogo saa nane mchana. Huwezi kuwa na injini ambayo ni kubwa kabla ya chai ya saa nne na ndogo baada yake. Nimekaa na injini maisha yangu yote. Ile ambayo inaanza vizuri halafu inakufa nguvu, hiyo haina shida ya udogo. Hiyo ina joto.

Nikamwambia asogee. Nikapitisha kiganja pembeni mwa mashine, polepole, pande zote, mpaka nikafika kwenye tundu dogo lenye vichana vya plastiki. Chini palikuwa pa moto kama sufuria. Kwenye tundu nilisikia feni ndani ikilia, lakini upepo haukuwepo. Pumzi kidogo tu, kama ya mtu mgonjwa.

Kiwandani, kwenye chumba cha kukaushia, chai inatoa manyoya. Si manyoya ya kweli, ni vumbi laini la kahawia linalopanda hewani na kushika kila kitu: nyusi, kuta, mota. Likijaa kwenye matundu ya mota, mota inapata joto na kupoteza nguvu. Fundi mkubwa niliyemshikia spana alikuwa mzee wa kutoka ziwani pia, hasemi sana. Kijana mmoja aliyesomea mitambo aliletwa akaandika barua kwamba mota tatu zibadilishwe. Yule mzee aliweka kiganja tu kwenye tundu, akaniambia, "Lete brashi." Mota hizo ziliendelea kufanya kazi mpaka naondoka, na pengine zinafanya mpaka leo. Mimi nilikuwa nimelishika hilo jambo miaka ishirini bila kulitumia.

"Zima," nikamwambia binti yangu. "Tunaifungua."

Alitoka kwenye kiti. "Baba, hii haifunguliwi."

"Kitu chenye skrubu kinafunguliwa. Skrubu ni za nini?"

"Ikiharibika? Niko na masomo matano. Walimu wanataka Jumatatu."

"Na isipofunguliwa utamaliza?"

Nilimtuma kwa fundi wa saa aliye karibu na kituo cha mafuta akaazime bisibisi ndogo. Alirudi nayo, na pia alirudi na uamuzi wake mwenyewe. Alichukua karatasi nyeupe, akachora laptop kwa chini, na kila skrubu niliyotoa aliigandisha kwa selotepu pale pale ilipotoka kwenye mchoro, akaandika nambari. Mimi nisingefanya hivyo. Mimi ningeziweka zote kwenye kifuniko cha chupa na tungekuwa tunazitafuta mpaka leo. Nasema hivi ili ijulikane kwamba kazi ile tuliifanya wawili.

Kifuniko kilipotoka, harufu ndiyo ilitangulia. Sote wawili tuliinusa na tukatazamana. Ilinukia kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, kilichosuguliwa mkaa. Ilinukia jikoni kwetu.

Feni ilikuwa ndogo kama kifuniko cha soda, na haikuonekana. Ilikuwa imevaa masizi. Vichuma vile vya kupitisha joto vilikuwa vimezibwa na kitu cheusi, kizito, kama kipande cha blanketi kilichochovywa kwenye mafuta. Katikati ya hayo masizi palikuwa na kipande cha ganda la punje ya mahindi. Nilikitoa kwa kucha. Nilikitambua. Mahindi yale nimeyapanda mimi.

Sasa lazima niseme jambo ambalo ningependa kuruka.

Laptop haikuwa inalala dukani, kwa kuogopa wezi. Kila jioni tuliibeba nyumbani. Nyumba yangu ni ya matofali, lakini huku kwetu mvua inanyesha karibu kila alasiri na kuta zinatoa jasho. Viatu ukiviacha kabatini mwezi mmoja vinaota ukungu wa kijani. Kila mtu wa hapa anajua mahali pa kuweka kitu unachokipenda kisiharibiwe na unyevu: ni juu ya moto. Jiko letu la nje lina dari ya mbao, tunaiita tabut, na huko ndiko kunakaa mahindi ya mbegu, maharagwe, na zamani hata cheti cha shamba langu kilikaa huko ndani ya bati. Moshi unapita, unakausha, wadudu hawasogei. Kwa hiyo nilipoileta laptop nyumbani siku ya kwanza, niliamuru ipandishwe tabut.

Binti yangu alisema wakati ule, "Baba, chuoni walituambia kompyuta haipendi vumbi."

Nami nilimjibu, nakumbuka vizuri, nikiwa nimesimama mlangoni na kidole juu, "Moshi si vumbi."

Miezi sita mke wangu alikuwa akipanda ngazi kila jioni kuilaza mashine hiyo kati ya magunia, na kuishusha asubuhi, anaipangusa kwa kanga. Kwa juu iling'aa.

Binti yangu alikuwa ameshika karatasi yake ya skrubu kwa mikono miwili. Alitazama masizi. Akanitazama.

"Moshi si vumbi, Baba," akasema.

"Lete brashi," nikasema.

Tulitumia brashi ya rangi mpya ambayo haijaguswa, unyoya wa kuku, na pampu ya baiskeli. Binti yangu alishikilia feni kwa kijiti isizunguke nikipuliza. Masizi yale mazito tuliyatoa kwa kijiti cha meno kilichofungwa pamba yenye spiriti. Ilituchukua mpaka saa kumi, mvua ikipiga mabati tusisikizane. Tukarudisha skrubu kwa nambari. Ilibaki sifuri.

Hatukuiwasha siku hiyo. Stima ilikuwa imekatika kwa sababu ya radi.

Jumatano saa mbili asubuhi aliiwasha. Mimi niliketi nyuma yake tena. Alipiga. Saa nne ikapita. Nikaweka kiganja kwenye tundu: upepo ulikuwa unatoka na nguvu zake, wa moto lakini unatoka. Saa sita alichora mchoro wa moyo wa binadamu kwa mtihani wa sayansi, mishipa yote, na mashine haikumngoja wala yeye hakuingoja. Saa nane hakwenda kununua ndizi. Sikumwambia kitu cha kumsifu, kwa maana hatukulelewa hivyo, lakini nilikaa pale siku nzima na kuna watu walikuja kunitafuta kwa ajili ya kinu nikawaambia niko kazini.

Ijumaa fundi akaja. Alikuja na prosesa ndani ya kijiboksi, imelazwa kwenye sponji kama pete ya harusi. Ni kitu kizuri kutazama, siwezi kudanganya. Alinikuta kituoni, na wale wanaume walikuwepo, kwa maana Ijumaa gari la kiwanda linachelewa na watu wanakaa. Walijua ni siku gani. Yule wa kofia alikuwa amekuja mapema kuliko siku zote.

"Mzee, nimeleta," fundi akasema.

"Sinunui," nikasema.

Kwa mtu kama mimi hilo ni jambo kubwa. Wale watu walikuwa hawajawahi kunisikia nikirudi nyuma ya neno langu, na mimi pia sikuwa nimejisikia. Fundi akaanza kusema habari ya nauli, na ya mteja mwingine aliyemnyima kitu hicho kwa sababu yangu. Nikamwambia nauli yake iko na chakula chake kiko, lakini kwanza aje aone.

Tukaenda dukani, na nusu ya kituo ikatufuata. Binti yangu alikuwa kwenye somo la mwisho. Nikamwambia fundi aketi aijaribu. Ilikuwa saa nane mchana, saa ile ile aliyokuja Jumatatu. Alibonyeza. Akafungua programu mbili, tatu. Akaweka sikio. Halafu yeye mwenyewe, bila kuambiwa, akapeleka kiganja kwenye tundu.

"Mmefanya nini?"

"Tumeifungua tukaiosha pua," nikasema. "Wewe hukuifungua."

Akaondoa kiganja. "Sikuifungua," akasema. "Mteja akiniambia iko polepole, na nikiona ni ya zamani, namuuzia prosesa. Ni kweli hizi zikishikwa na joto zinajipunguza mwendo zenyewe zisiungue. Nilisahau kuangalia." Aliyasema hayo mbele ya watu, na kwa hilo nilimheshimu. Kisha akajaribu mara ya mwisho, kwa maana biashara ni biashara. "Lakini Mzee, hata ikiwa safi, kwa hii mpya ingekimbia zaidi."

"Ikimbie kwenda wapi?" nikamuuliza. "Anayeandika ni huyu. Ana vidole kumi. Una vidole vingine kwenye huo mkoba?"

Binti yangu aliinama akacheka kwenye meza. Fundi akafunga kijiboksi chake.

Yule wa kofia hakuwa ametosheka. Alikuwa mlangoni. "Na hayo masizi yaliingiaje kwa kompyuta, Boiyot? Msichana alikuwa anapika ugali juu yake?"

Nilimwona binti yangu akinyanyua kichwa. Ningeweza kunyamaza. Katika nyumba nyingi za huku jambo kama hilo lingewekwa juu ya wanawake na kubaki hapo, na hakuna ambaye angeuliza mara mbili.

"Ni mimi," nikasema. "Niliamuru iwekwe tabut. Yeye alinikataza nikamwambia anyamaze. Anajua kazi yake kuliko mimi, na kuliko fundi, na wewe hata sikutaji."

Walicheka wote, na walinicheka mimi, miezi mingi. Mpaka leo kuna mtu akiniona anauliza kama TV yangu imekaushwa. Wacha waulize. Jumatatu saa moja asubuhi binti yangu alibeba masomo saba, nakala za shule kumi na nne, akazikabidhi kwa mkono. Yule mwalimu aliyemwonya alihesabu kurasa, akageuza mchoro wa moyo huku na huku, akamuuliza kama anaweza kupiga na mitihani ya mwisho wa muhula. Sikuwepo. Nilisimuliwa na watu watatu tofauti, na kila mmoja nilimfanya aanze upya.

Lakini ile Ijumaa jioni ilibaki kazi moja. Nilimkuta mke wangu zizini, amebeba ndoo, anakamua wale wa zamani. Mtamba mwekundu alikuwa amefungwa kando, kamba mpya shingoni. Alikuwa amemwandalia safari.

"Mtamba haendi," nikasema.

Akaendelea kukamua.

"Kompyuta ilikuwa imejaa masizi ya tabut. Mimi ndiye nilisema iwekwe huko. Nilikosa."

Neno hilo sikuwa nimewahi kumwambia. Tulikuwa na watoto sita na miaka ishirini na nne ya ndoa.

Alimaliza chuchu aliyoshika, akasimama, akaja akafungua ile kamba mpya, akaikunja vizuri, akaipachika kwenye nguzo. Hapo ndipo aliponitazama.

"Sasa italala wapi?" akauliza. "Nyumba inatoa jasho."

"Chumbani kwetu. Kwenye kile kiti."

"Kiti kina koti lako la kanisa."

"Koti lipande tabut," nikasema.

Na ndivyo ikawa. Laptop ililala kwenye kiti changu miaka mitatu, imefunikwa shuka, mpaka binti yangu aliponunua kompyuta nyingine kwa jasho lake, mpya, na prosesa aliyoichagua mwenyewe bila kuniuliza. Mtamba alizaa jike. Nami kila Jumapili niliketi benchi la mbele kanisani nikinuka moshi kama gunia la mbegu, na watu wa nyuma walijua kwa nini, na sikuhama benchi.